Sina Deni, Sina Kisingizio

Siku niliyolipa shilingi ya mwisho ya deni langu, simu ilinyamaza. Nikadhani imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha, nikamwambia Mama Boyi anipigie nione kama inaita. Iliita vizuri. Ni kwamba tu hapakuwa na mtu yeyote anayenitafuta.

Kwa miaka minne, ndugu zangu, mimi sikuamshwa na jogoo. Niliamshwa na yule dada wa kudai. Saa moja na dakika tano asubuhi, sauti laini kama mandazi ya maziwa, ananiita kwa majina yangu yote matatu jinsi yalivyo kwenye kitambulisho. Mama Boyi mwenyewe jina langu la katikati hubahatisha. "Unajua leo ni siku yako ya kulipa?" Najua, dada. "Utalipa saa ngapi?" Kabla ya saa sita, dada. Halafu ananitakia siku njema, na kusema kweli hakuna mwingine Kisumu hii aliyekuwa akinitakia.

Huyo alikuwa na adabu kwa sababu alikuja baadaye. Wale wa mwanzo, mwaka 2021, kabla Benki Kuu haijatoa zile kanuni za 2022 za kuwazuia wakopeshaji wa simu kuwasumbua watu walio kwenye orodha yako ya namba, walimpigia mpaka kinyozi wangu. Kinyozi! Nimekaa kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa, anapokea simu, ananitazama kwenye kioo, anazima mashine. "Baba Boyi," ananiambia polepole, "hii ya leo utalipa lakini?"

Deni lenyewe lilizaliwa na pikipiki. Nilichukua mkopo wa sacco, nikanunua pikipiki, nikampa kijana mmoja wa Kondele awe ananiletea 300 kila jioni. Aliniletea wiki tatu. Wiki ya nne akaniletea kioo kimoja cha pembeni na pole nyingi. Ndipo nikaanza ule ujinga wa kukopa kwenye simu ili nilipe sacco. Elfu kumi, siku 30, ada asilimia 7.5. Ukiitazama haraka ni 750 tu, kuku mmoja mwenye afya ya wastani. Lakini mimi nilikuwa narudisha asubuhi na kukopa tena jioni, mwezi baada ya mwezi. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nimewapelekea kuku kumi na wawili, na ile elfu kumi ilikuwa bado ni yao.

Siku moja karani wa mishahara, pale kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi ninapofanya kazi, aliniita akanifunulia Sheria ya Ajira ya 2007. Makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. "Wewe umefika kwenye mstari," akasema. "Hata ukitaka kukatwa zaidi, siwezi." Nilitoka pale kama mlevi aliyeambiwa na mhudumu wa baa kwamba leo imetosha.

Basi nikalipa. Msiniulize siri, hakuna siri, ni mgongo wazi. Kama wewe si wa huku nikueleze: viwanda vya samaki hapa Kisumu hukata minofu ya mbuta, minofu ikapanda ndege ikaenda kuliwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na hicho ndicho akina mama wa Obunga hukaanga kwenye mafuta yanayochemka mpaka kikawa rangi ya shaba. Nimekula mgongo wazi miaka minne. Nimejua kuinyonya ile mifupa pingili kwa pingili kama mtu anayesoma tasbihi. Boyi alipoambiwa shuleni achore samaki, alichora kichwa, miiba na mkia. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Nyama iko wapi?" Mtoto akaja kuniuliza mimi.

Mambo mengine yalikuwa ya kawaida. Kutoka Manyatta hadi mjini kwa miguu. Unga wa kusaga posho, mahindi yakipimwa kwa kopo la gorogoro, na mimi nikisimama pale kuhakikisha muuzaji hajaibonyeza gorogoro tumboni. Bahasha tano za kaki kwenye sanduku: kodi, shule, chakula, stima, matanga. Na daftari ninaloandikia kila kitu, hata shilingi tano ya kiberiti.

Sasa nilidhani kazi ngumu ni kulipa. Nilidhani ukishamaliza unakaa kitako. Hakuna aliyeniambia kwamba deni, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa ndilo rafiki yangu wa pekee mwenye nguvu za kunitetea.

Kwa sababu "nina deni" ni neno zito, yawa. Ukilisema, mtu anashusha macho, anakupiga bega, anasema pole, Mungu yupo. Hakuna harusi, hakuna harambee, hakuna shemeji anayeweza kulipita. Lakini jaribu kusema "nina bajeti" uone. Nilimwambia shemeji yangu wa Luanda ya Vihiga, alipotaka nimwongezee mtaji wa duka, kwamba mwezi huu bajeti hairuhusu. Akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, bajeti si ni ile ya Waziri wa Fedha? Ile ya mwezi wa Juni, anapiga picha na mkoba? Wewe mkoba wako uko wapi?"

Na habari nani alizitangaza? Mama Boyi. Jumapili ile ile alisimama kanisani akashuhudia. Alilia, akainua mikono, akasema Bwana amevunja minyororo, mume wangu hadaiwi hata senti. Kanisa zima haleluya. Mimi nimeinamisha kichwa, si kwa unyenyekevu, nilikuwa nahesabu vichwa vilivyogeuka kuniangalia. Kabla hatujafika kwenye geti, watu watatu walikuwa wameniambia wana neno dogo na mimi. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa.

Tangu hapo hata miguu yangu imebadilika maana. Zamani nikipita Kondele asubuhi na viatu vimejaa vumbi, watu wa boda walikuwa wakisema, maskini, huyu mzee anajikaza. Sasa ni miguu ile ile, viatu vile vile, na nimeitwa mchoyo. "Mzee, si umemaliza deni? Panda boda basi!" Nikisema napenda kutembea, wananitazama kama nimesema napenda malaria. Na wao ndio waliokuwa wakinisifu!

Matanga nayo. Huku kwetu magharibi mtu hafi peke yake, anakufa na mifuko ya watu mia mbili. Niko kwenye grupu za WhatsApp saba za mipango ya mazishi, na mojawapo haijawahi kufungwa tangu 2022. Inabadilishwa jina tu marehemu anapobadilika, mweka hazina ni yule yule. Ile orodha mnaijua: namba, jina, kiasi, alama ya tiki. Zamani jina langu lilikuwa likiandikwa 200 na hakuna anayeguna. Wiki mbili baada ya ushuhuda wa Mama Boyi, niliamka nikakuta nimeshaandikwa kabla sijaulizwa. Namba 6, jina langu, 5,000, na nafasi ya tiki iko wazi inanisubiri. Marehemu mwenyewe tulikutana mara moja, kwenye matatu, na alinikanyaga.

Mshahara wa kwanza bila deni niliupokea kwa mikono miwili. Ukurasa wenyewe ulikuwa mwepesi, umebaki na makato ya serikali tu, ushuru, NSSF, bima ya afya asilimia 2.75, nyumba asilimia 1.5. Nikaona theluthi zangu zimerudi nyumbani. Siku hiyo hiyo ujumbe ukaingia kwenye simu: Hongera! Kiwango chako cha kukopa kimepanda hadi shilingi 45,000. Nimewahi kupongezwa mara tatu maishani, na mara mbili ni na hawa watu.

Na hapo ndipo niseme habari ya sofa.

Nyumbani tuna sofa ambayo mgeni huelekezwa. "Karibu, kaa, lakini si upande ule." Upande ule kuna springi imetoka, nikaifunika kwa ubao, na ubao nikaufunika kwa kitambaa cha Mama Boyi chenye maua ya kufuma. Kila jioni nikitoka kazini napita Kibuye, kando ya barabara, pale mafundi wanapopanga viti nje kama watu waliopanga foleni ya kupiga kura. Kwa miaka minne nilipita pale bila kugeuza shingo. Mtu mwenye deni haoni sofa.

Jioni hiyo nikageuza shingo. Rangi ya damu ya mzee, viti saba, mikono mipana ya kuweka kikombe cha chai na sahani yake. Bado imevikwa nailoni. Kijana akaniona kabla mimi sijajiona. "Mkubwa, kaa tu. Kukaa ni bure."

Nikakaa.

Jamani. Nilizama. Sikujua mwili wangu una sehemu ambazo zilikuwa zimechoka tangu 2021. Nailoni ikalia chini yangu, kukuruu, harufu ya gundi na sponji mpya ikanipanda puani, magari ya Kakamega yanapita mbele yangu, na mimi nimekaa pale kando ya barabara kama gavana. Nikaanza kuwaona wageni sebuleni kwangu. Nikamwona shemeji yangu anakaa popote anapotaka. Kijana akainama sikioni: "Hii ni 45,000. Lakini wewe weka elfu tano tu, tukuletee leo leo. Hizo zingine unalipa mdogo mdogo."

Mdogo mdogo! Niliinuka kama mtu aliyekalia siafu. Elfu arobaini na tano, ile ile iliyokuwa kwenye ujumbe! Nani aliwaambia? Sikuaga. Nilitembea hadi Kondele bila kupumua, na nyuma yangu yule kijana anapaza sauti kwamba hata elfu tatu anakubali.

Usiku huo nilimwambia Mama Boyi kwamba hatutaweza. Hatuna kinga. Sofa ikituponyoka, shemeji atatupata, na shemeji akitukosa kuna namba 6 kwenye ile orodha. Akauliza tufanye nini. Nikamwambia nimepata dawa, lakini asiishuhudie kanisani.

Kesho yake nikaweka neno kwenye grupu ya familia, kwa masikitiko: "Ndugu zangu, mniombee. Nimelazimika kuchukua tena mkopo mkubwa wa sacco. Miezi 36."

Wacha nikwambie amani. Ile 5,000 ilishuka hadi 200 bila mimi kusema neno. Mzee wa kanisa alinipiga bega. Kwenye boda pale Kondele, mmoja alisema maskini, huyu mzee anajikaza. Shemeji ndiye aliyenifurahisha zaidi, alinipigia kunitia moyo, akakata simu haraka. Niliendelea na bahasha zangu, nikaongeza ya sita, SOFA, ndani yake nikatia 1,500. Mgongo wazi nikaula Ijumaa tu, siku nyingine omena, na Jumapili moja ngege mzima mwenye mbavu. Boyi alimzunguka yule samaki kwanza, akamgusa ubavuni kwa kidole.

Siku ya tisa simu ikatetema. Ni ujumbe wa M-Pesa, umepokea shilingi 1,000, na jina la mama yangu mzazi. Mama anauza mrenda na kunde sokoni Luanda, na hana simu ya WhatsApp. Nikampigia kuuliza kama amekosea namba.

"Sijakosea, baba. Nimesikia kwa shemeji yako. Nimeuza jogoo. Shika hiyo upunguze deni."

"Mama, yule jogoo mwekundu?"

"Huyo huyo. Alikuwa na kelele sana asubuhi."

Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini ukimweleza mama, umemweleza shemeji, na ukimweleza shemeji umerudi namba 6. Kumrudishia ni kumwambia sadaka yake ni ndogo. Kuila siwezi, nimeijaribu kuitia kwenye kila bahasha na hakuna bahasha iliyoikubali. Mwishowe nikafungua daftari, ule ukurasa wa MADENI niliokuwa nimeuchora mstari mwekundu kwa rula kutoka kona hadi kona, nikatafuta nafasi chini kabisa, nikaandika: Mama, jogoo mmoja.

Nililala vibaya. Asubuhi simu ikaita, nikaangalia saa kabla ya kuangalia jina. Saa moja na dakika tano.

"Baba, umeamka? Zile pesa umewapelekea?"

"Bado, mama."

"Utawapelekea saa ngapi?"

"Kabla ya saa sita, mama."