Mundra: kijiji kina mstari wake daftarini, dago halina

Anayesoma habari za forodha ya Unguja enzi za Sayyid Said hakawii kukutana na jina la Mundra. Jairam Shivji, Mbaniani aliyekodi ushuru wa forodha ile kwa miaka mingi, ukoo wake ulitoka huko, kwenye pwani ya Wakachi. Leo Mundra ni taluka, tuseme tarafa, ndani ya wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, nchini India. Ina mji mmoja, vijiji vingi, mashamba ya mitende na malisho ya ng'ombe. Ubavuni mwa hivyo vyote ipo bandari ya biashara ambayo katika mwaka wa fedha wa 2024-25 ilipitisha zaidi ya tani milioni 200 za shehena. Kwa miaka 20 sasa bandari na vijiji vinavutana, na katika mvutano huo kila upande hukimbilia idadi ya watu kujitetea.

Wanaoitetea bandari wana hoja nzito. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliua watu wapatao 20,000, wengi wao Kutch. Baada ya pale serikali ikawasamehe ushuru wawekezaji waliokubali kujenga viwanda wilayani humo, na bandari ya Mundra ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kazi. Matokeo yake yako wazi: wakazi wa wilaya waliongezeka kutoka 1,583,225 katika sensa ya 2001 hadi 2,092,371 mwaka 2011, yaani asilimia 32, wakati jimbo zima la Gujarat liliongezeka kwa asilimia 19. Karibu na Mundra kikajengwa kituo cha umeme cha megawati 4,000 cha kuuzia majimbo matano. Mundra yenyewe ikaunganishwa na kijiji jirani cha Baroi kuwa manispaa, ikachagua madiwani wake Februari 2021. Mahali palipofukiwa na vifusi sasa watu wanahamia. Sioni haki ya kulipuuza jambo hilo.

Ila ukishuka mstari mmoja kwenye jedwali lilelile la sensa, picha inabadilika. Mwaka 2001 Kutch ilikuwa na wanawake 942 kwa kila wanaume 1,000. Mwaka 2011 wamebaki 908. Pengo la namna hiyo halipanuki kwa uzazi peke yake ndani ya miaka kumi. Hao ni wanaume waliokuja kutafuta kazi, vibarua wa Bihar, Uttar Pradesh na Odisha wanaolala kwenye kambi za wafanyakazi. Ongezeko la watu linaonyesha kuwa kazi ipo. Halituambii kama kazi hiyo imemfikia mwana wa mvuvi au wa mfugaji aliyezaliwa pale. Isitoshe, hesabu ya 2001 ya Kutch haikuweza kufanyika kwa wakati mmoja na nchi nzima kwa sababu ya tetemeko, kwa hiyo hata mahali pa kuanzia kulinganisha panahitaji tahadhari.

Hapo ndipo linapokuja suala linalonigusa zaidi: kijiji ni nini? Katika sensa ya India, kijiji ni kipande cha ardhi chenye mipaka kwenye daftari la serikali la kodi ya ardhi, na kila kijiji kina mstari wake. Nchi nzima ina vijiji zaidi ya 640,000 vya aina hiyo, na kati yake zaidi ya 40,000 havina mkazi hata mmoja. Havina mtu, lakini vimeandikwa.

Pwani ya Mundra kuna kinyume chake. Wavuvi wa Kiwagheri wana nyumba vijijini, lakini mvua zikishakatika, kuanzia Septemba hivi, familia nzima hushuka ufukweni na kukaa huko hadi karibu Mei. Wanavua kwenye hori na matope ya maji yanapokupwa, wanaanika samaki, wanauza ng'onda. Wao huita makazi hayo bandar; mtu wa Mafia au Lamu angesema dago, na angeelewa maisha yake bila kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba dago la Mundra ni la mke, mume, watoto na mbuzi, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, daftarini si kijiji.

Athari zake si za karatasi tu. Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia, lilikopesha dola milioni 450 kwa ajili ya kituo kile cha umeme mwaka 2008. Wavuvi wakalalamika mwaka 2011 kwa ofisi ya usuluhishi ya shirika hilohilo, na ukaguzi uliotoka mwaka 2013 ulikubali kwamba wavuvi wanaoishi ufukweni kwa msimu hawakuzingatiwa ipasavyo wakati athari za mradi zilipotathminiwa. Wavuvi wakalishtaki shirika, na shauri likafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 27 Februari 2019 majaji saba dhidi ya mmoja waliamua kwamba shirika hilo halina kinga kamili ya kutoshtakiwa. Mahakama za chini baadaye zikalitupa shauri, kwa hoja kwamba kiini cha madai hakikutokea Marekani. Wavuvi walishinda jambo kubwa la kisheria na hawakupata fidia.

Wafugaji nao wana hesabu yao. Kanuni ya Gujarat inataka ekari 40 za malisho ya umma kwa kila mifugo 100. Wanakijiji wa Navinal walipoona hekta 108 za malisho yao zimepewa bandari, walikwenda mahakamani wakiwa na hesabu ya ng'ombe mkononi, na kesi ikavuta miaka mingi. Linganisha: ng'ombe wa Navinal wana kanuni inayotafsiri idadi yao kuwa ardhi. Familia za dagoni hazina.

Maofisa wa takwimu wana jibu la haki: kila mtu ahesabiwe mara moja, na kama kila kambi ya msimu itaitwa kijiji, basi mistari haitakwisha na ulinganisho wa sensa hadi sensa utavurugika. Naikubali hofu hiyo kwa kambi ya wiki mbili. Siikubali kwa makazi yanayokaliwa miezi minane kila mwaka, kizazi baada ya kizazi. Yangeandikwa chini ya kijiji chenye ardhi ile, kwa mstari mdogo wenye jina lake, na jumla isingeharibika.

Sensa iliyopaswa kufanyika 2021 iliahirishwa, na tarehe rasmi ya rejea sasa ni 1 Machi 2027. Huo ni msimu wa uvuvi. Karani atakayezunguka Mundra mwezi wa Februari atakuta makufuli kwenye milango ya wavuvi kijijini, na ufukweni atakuta moshi wa majiko, nyavu zilizotandazwa na watoto.