Mlinzi aliyeshuka tishari na jaji aliyepiga hesabu

Tarehe 3 Januari 1944, saa 11 jioni, mlinzi wa tishari (chombo bapa cha mizigo kinachovutwa) Anna C alishuka gatini New York akaenda zake. Kesho yake mchana, saa 8 hivi, boti ya kuvuta iitwayo Carroll ikiwa kazini hapo, kamba ziliachia. Anna C likachukuliwa na maji hadi kwenye meli ya mafuta, rafadha ikalitoboa chini, likazama na unga wa serikali ya Marekani. Saa 21 bila mtu ndani. Angekuwepo wa kupiga kelele, pampu zilizokuwa jirani zingeliokoa.

Je, mwenye tishari naye alizembea? Mwaka 1947 Jaji Learned Hand wa mahakama ya rufaa ya Marekani alijibu kwa hesabu: zidisha uwezekano wa ajali kwa ukubwa wa hasara, kama kujikinga kungegharimu pungufu ya hapo na hukujikinga, umezembea. Mwenye Anna C akabebeshwa sehemu ya hasara.

Wanaochambua sheria kwa jicho la uchumi, Richard Posner akiwa mbele, waliipa fomula hiyo umaarufu tangu miaka ya 1970. Hoja yao ina uzito. Jaji anayesema "mtu mwangalifu angefanya hivi" tayari anapima gharama kimoyomoyo. Afadhali mizani iwekwe mezani. "Uangalifu" peke yake ni gunia tupu, kila mtu hutia chake.

Lakini isome hukumu utafute tarakimu zilizoingizwa kwenye fomula. Hamna. Kuna siku fupi za Januari, bandari iliyofurika shughuli za vita, matishari yakisogezwa huku na huku. Hand mwenyewe, mwaka 1949, alikiri kwamba mambo haya hayapimiki kwa namba.

Kwenye jopo la majaji lililoamua kesi ya Anna C aliketi pia Jerome Frank, mwanauhalisia wa sheria, yaani anayeona hukumu hutokana na jaji mwenyewe kuliko kanuni, aliyeandika mwaka 1930 kwamba kiu ya uhakika katika sheria ni ya mtoto anayemtafuta baba. Kwake, shaka kubwa haimo kwenye kanuni bali kwenye swali la nani aaminiwe. Anna C inampa haki: mlinzi alieleza alikokuwa, mahakama ikaona ametunga hadithi, na uongo huo ukawa ushahidi kwamba hakuwa na udhuru. Angeaminika, fomula ileile ingeweza kumwokoa tajiri wake.

Hata hivyo Frank hunipoteza akifika mbali. Kama yote ni jaji na alivyoamka, wakili atamshauri nini mteja? Faida ya fomula naiona hapa: haitoi jibu, ila inamlazimisha jaji ataje anachokipima, na akikitaja anaweza kubishiwa.

Hand, kwa upande wake, aliamua machache kuliko anavyosifiwa. Alisema mlinzi awepo saa za kazi za mchana. Kuhusu usiku aliliacha swali wazi, na jua lilipozama siku ya hukumu kila mwenye tishari alibaki kuamua mwenyewe.