Litazame Gauni Kwanza, Uso Baadaye

Mwaka 1900 hivi, mpiga picha wa London aitwaye Samuel Joshua Beckett alimpiga picha kadhaa mwanamke aliyekuwa akicheza nje, mchana kweupe, juu ya nyasi, miti ikiwa nyuma yake. Mwanamke huyo amevaa gauni jeupe lenye kitambaa kingi kupita kiasi, naye amekirusha juu hadi kimekuwa bawa, kikawa wimbi, kikawa kitu ambacho huwezi tena kukiita nguo. Uso wake ni kidoa tu. Katika baadhi ya picha hata mikono huioni. Ukiulizwa ana sura gani, huna jibu.

Ni Loie Fuller, Mmarekani aliyezaliwa Illinois mwaka 1862 na kufia Paris tarehe 1 Januari 1928. Picha hizo sasa zimo katika Makumbusho ya Metropolitan, New York, na ndizo zilizonipa msimamo ninaoutetea hapa: wanawake wa jukwaani wa zama zile, kuanzia miaka ya 1890 hadi ya 1920, tumewasoma vibaya kwa sababu tunaanzia usoni. Tunauliza alikuwa mzuri kiasi gani, alipendana na nani, alikufaje. Maleba tunayapita kana kwamba ni pambo la juu ya kazi, ilhali mara nyingi maleba yenyewe ndiyo kazi.

Kwa Fuller jambo hili liko wazi kabisa. Gauni lake lilikuwa la hariri nyepesi, lenye upana wa mita nyingi, na ndani yake kulikuwa na fito za mianzi au alumini alizozishika mikononi. Fito hizo zilirefusha mikono yake, kitambaa kikapanda juu ya kichwa na kuzunguka mbali na mwili. Aliyewahi kusimama ufukweni upepo wa kusi ukivuma, akashika kanga kwa pembe mbili, anajua jinsi kitambaa chepesi kinavyoweza kumburuta mtu mzima. Fuller hakungoja upepo. Upepo aliutengeneza mwenyewe kwa mabega, mgongo na kiuno, usiku baada ya usiku.

Alivyokigundua kipaji hicho, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa mwaka 1891 katika mchezo wa kuigiza, kwenye onyesho la mwanamke aliyetiwa usingizi wa hipnosi na daktari. Sketi aliyovaa ilikuwa ndefu mno, akawa anaiinua ili asijikwae, na watazamaji wakaanza kupaza sauti wakisema ni kipepeo, mara ni ua. Simulizi za wasanii kuhusu mwanzo wao huwa zimepambwa, na hii nayo huenda ina chumvi. Ninachokipenda ni kwamba katika simulizi hiyo anayeanza ni sketi. Yeye anaifuata, anaisikiliza, anaifanyia kazi hadi inageuka fani.

Kisha akaibiwa. Mwaka 1892, baada ya ngoma yake ya nyoka, ile ya kuzungusha kitambaa, kupata umaarufu New York, mcheza dansi mwingine aliichukua na kuicheza. Fuller akaenda mahakamani kudai hakimiliki na akashindwa. Jaji alieleza kazi hiyo kwa usahihi wa kushangaza: nyendo za kupendeza zilizounganishwa na mpangilio wa vitambaa, mwanga na vivuli. Lakini akasema haisimulii hadithi, haina mhusika, haionyeshi hisia, kwa hiyo si tamthilia, na sheria ya wakati ule haikuwa na mahali pa kuiweka. Ilibidi ipite miaka zaidi ya 80 kabla sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 haijazitaja kazi za dansi kwa jina lake.

Jibu la Fuller ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko wengi waliosifiwa kuliko yeye. Kama sheria haiwezi kulinda dansi, basi ailinde mashine. Tarehe 17 Aprili 1894 alipewa hataza (hati ya serikali inayolinda uvumbuzi) ya Marekani namba 518,347 kwa vazi la wacheza dansi, pamoja na michoro na maelezo ya fito na kitambaa, kwa lugha ileile wanayotumia wavumbuzi wa pampu na baiskeli. Alisajili pia mitambo ya jukwaani. Mwanamke aliyekuwa akiitwa malaika na jini la mwanga kwenye magazeti alikuwa na karatasi za serikali zinazomtaja kuwa mvumbuzi. Nikisoma makala zinazomwita mrembo wa hariri, huwa nawaza kama mwandishi aliwahi kuiona karatasi hiyo.

Alianza kuonekana Folies Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, tarehe 5 Novemba 1892, na huko ndiko mwanga ulipokuwa nusu ya vazi. Jukwaa lilizungushiwa vitambaa vyeusi, ukumbi ukazimwa taa, jambo ambalo siku hizo halikuwa la kawaida, na mafundi wa umeme wakamwelekezea taa kupitia vioo vya rangi alivyovipaka kwa michanganyiko aliyoificha hata kwa wasaidizi wake. Katika ngoma ya moto alisimama juu ya kioo chenye taa chini yake, hariri ikawa inawaka kuanzia miguuni. Mwanga huo uliyaumiza macho yake, na aliishi na maumivu hayo kwa miaka. Alipopata habari za radiamu, madini yanayong'aa gizani, aliwaandikia wanasayansi walioigundua, Marie na Pierre Curie, kuuliza kama inaweza kumng'arizia mabawa. Walimjibu kwamba haifai. Hakukata tamaa, akatafuta chumvi nyingine zinazong'aa gizani, na mwaka 1904 akawa na ngoma yake ya radiamu.

Sasa hebu fikiria kazi ya mpiga picha mbele ya mtu kama huyu. Kamera za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi ili kugandisha mwendo, na jukwaa lake lilikuwa giza kwa makusudi. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, naye alikuwa anafanya kazi kwa rangi. Picha ni tuli, naye hakuwa na umbo lolote la kudumu zaidi ya sekunde. Ndiyo maana Beckett alimtoa nje juani. Giza likapotea, rangi zikapotea, taa zote alizozibuni zikapotea. Nimesikia watu wakisema kwa sababu hiyo picha hizo zimeshindwa. Mimi naona kinyume chake. Jua la mchana linaonyesha kile ambacho jukwaa lilikificha, yaani kazi ya mikono. Unamwona mwanamke mfupi mnene kiasi, ameegemea nyuma, kiuno kimejikunja, shingo imekaza, akipambana na uzito wa kitambaa. Wanahabari wa Paris waliokutana naye nje ya jukwaa walishangaa kwamba hakuwa mrembo kama walivyodhani. Picha za Beckett hazimtetei wala hazimwombei radhi. Zinaonyesha fundi kazini.

Wachoraji nao walilielewa hili mapema. Toulouse-Lautrec alipomchora kwenye chapa ya mwaka 1893, aliacha kichwa kidogo tu juu ya wingu la rangi, kisha akaitia rangi kila nakala kwa namna yake, hakuna mbili zinazofanana. Mchonga sanamu Raoul Larche alimtengeneza kwa shaba iliyopakwa dhahabu akiwa taa ya mezani, balbu zikiwa zimefichwa ndani ya shela linaloruka juu ya kichwa. Taa hiyo ni kitu kizuri mno, ingawa hapo tayari ameanza kugeuzwa samani.

Kuna jambo jingine linaloniudhi kila ninapofungua mtandao. Filamu fupi za ngoma ya nyoka zinazosambazwa kwa jina la Loie Fuller, zile zilizopakwa rangi kwa mkono fremu baada ya fremu, kwa sehemu kubwa si yeye. Aliyecheza mbele ya kamera za mvumbuzi Mmarekani Edison ni Annabelle Whitford, na aliye kwenye filamu ya ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema wa Ufaransa, ni mchezaji mwingine. Aliyepigania vazi lake hadi mahakamani na hadi ofisi ya hataza, leo anaonyeshwa kwa miili ya waliomwiga. Nao walioiga wamepokonywa majina yao. Makosa hayo yanatokea kwa sababu mtu akiona hariri inazunguka anaona imetosha, haangalii kitambaa kinafika wapi, kama kuna fito, kama mabega yanafanya kazi. Kwa Annabelle vazi ni dogo zaidi na mikono inabaki mikono. Ukilitazama gauni, huwezi kuwachanganya.

Fuller hakuwa mtakatifu, na sitaki kumpamba. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900 alikuwa na ukumbi wake mwenyewe, na humo aliwaleta waigizaji wa Japani, Sada Yacco na mumewe Kawakami Otojiro. Sada Yacco aliwastaajabisha Wafaransa, na picha zake za kimono zikauzwa sana. Lakini Fuller ndiye aliyewataka waweke kifo cha kujipasua tumbo jukwaani, kwa kuwa alijua Paris inapenda nini kutoka Mashariki. Mlinzi wa vazi lake mwenyewe hakusita kumuuza mwenziwe kwa ugeni wake.

Nyuma ya kamera nako kulikuwa na wanawake, na hapo picha inabadilika. Dora Kallmus alifungua studio Vienna mwaka 1907 na kujiita Madame d'Ora. Mwaka 1922 alimpiga picha Anita Berber, mcheza dansi Mjerumani anayekumbukwa leo kwa kokeini, uchi na kufa kabla ya kufikisha miaka 30. Ukizitazama picha hizo bila kelele za sifa zake utaona mtu aliyepanga kila kitu: wanja mzito hadi macho yamekuwa mashimo, mkao uliovunjwa, nguo iliyowekwa pale tu inapohitajika. Hakuna anayekuchekea wala kukukaribisha. Msanii na mpiga picha wamekubaliana kwamba mtazamaji asistarehe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vilivyomnyang'anya dada yake, Kallmus huyohuyo aliyewapamba wasanii na wanawake wa kitajiri akaenda kupiga picha kambi za wakimbizi na machinjio ya Paris. Ni mada inayostahili makala yake peke yake.

Tukifika kwa Josephine Baker, mcheza dansi Mmarekani mweusi, sisi wasomaji wa Afrika tuna la kusema. Alizaliwa St. Louis mwaka 1906, akafika Paris mwaka 1925 akiwa na miaka 19. Mwaka uliofuata, Folies Bergère hiyohiyo ya Fuller, alicheza nafasi ya msichana aitwaye Fatou, anayeshuka kutoka mtini wakati mvumbuzi mzungu amelala, akiwa amevaa sketi ya ndizi za bandia. Picha iliyopigwa na Walery ikaenea kila mahali: shanga nyingi shingoni, ndizi kiunoni, basi. Afrika hiyo haikuwa Afrika ya mtu yeyote. Sisi tunaotoka kwenye migomba ya Bukoba, Moshi na Masaka tunaijua ndizi kama chakula cha nyumbani na cha heshima. Sketi ile ilishonwa ndani ya kichwa cha mkoloni, na Baker, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika alipoivaa, aliikuta imeshamngojea.

Hapa ndipo swali la gauni lina uzito kuliko swali la uso. Kwa Fuller tunajua vazi ni la nani, kuna namba. Kwa Baker, wanaodaiwa kuibuni sketi ya ndizi ni wanaume zaidi ya mmoja, kila mmoja na watetezi wake, na yeye aliyeivaa anatajwa kama mwili uliobeba. Hata hivyo tazama alivyoitumia: kwa ucheshi, kwa macho ya makengeza, kwa kasi iliyoifanya sketi ile iwadhihaki walioitamani. Kabla ya mwaka 1926 kwisha alikuwa amefungua klabu yenye jina lake. Ninaamini alijua anavaa nini. Ninaamini pia kwamba kujua hakuifuti dhana iliyoshonwa ndani ya vazi, na sioni haja ya kuchagua kati ya ukweli huo miwili.

Ninachokitaka ni kitu kidogo cha kiofisi, na makumbusho yanaweza kukifanya kesho. Chini ya kila picha ya namna hii huandikwa jina la mpiga picha, mwaka, aina ya karatasi na vipimo. Aongezwe aliyebuni vazi, aliyelishona kama anajulikana, na lilichezwa kwenye onyesho gani. Chini ya picha za Beckett ziwekwe pia namba ya hataza. Chini ya picha ya Walery iandikwe kwamba ile ni nafasi ya Fatou katika onyesho lenye njozi ya kikoloni, ili kijana wa Dar es Salaam au Kinshasa anayeiona kwenye simu asidhani anaangalia picha ya mwanamke wa Kiafrika wa miaka ya 1920.

Na wanaoandika kuhusu Baker waanze na picha nyingine. Tarehe 28 Agosti 1963, kwenye maandamano ya Washington ya kudai haki za Wamarekani weusi, alihutubia umati akiwa amevaa sare ya jeshi la anga la Ufaransa Huru, yaani Wafaransa waliompinga Hitler, lile alilolitumikia wakati wa Vita vya Pili, nishani zikiwa kifuani. Alikuwa amewahi kuvaa magauni ya washonaji wakubwa wa Paris. Vazi la siku hiyo alilichagua mwenyewe.