Chupa Moja Haiihukumu Bahari

Juma lililopita nilikaa saa mbili katika mkutano wa kusomewa ripoti ya maji ya pwani, nikatoka kichwa kinaniuma. Ukurasa wa nne una jedwali, na ndani ya jedwali kuna namba ya mata ogania, yaani mabaki ya majani na viumbe, yenye kaboni ndani yake, yaliyomo majini. Moja tu. Mbele yake pameandikwa: yamechafuka. Niliuliza sampuli ilichukuliwa lini, nikatajiwa mwezi. Nikauliza maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, mvua ilikuwa imenyesha lini mara ya mwisho, chumvi ilisomeka ngapi. Msomaji wa ripoti akafunua kurasa mbele na nyuma, akasema hayo hayakuandikwa. Mkutano ukahamia kipengele kingine.

Mimi sikuhama. Bado niko ukurasa wa nne.

Nimebeba chupa za sampuli kwenye mlango wa mto kwa miaka kadhaa, na jambo la kwanza kazi ile hukufundisha ni kwamba maji uliyoyachota asubuhi siyo utakayoyachota mchana. Maji yakijaa, bahari huingia mtoni na chumvi yake kali na mata ogania kidogo. Yakipwa, mikoko hujimwaga. Vijito vinavyotoka mizizini huja na rangi ya chai ya mkandaa, na jina hilo halikuzuka hewani, maana mkandaa ni mti wa mikoko na gome lake lina tanini zilezile zinazotia maji rangi. Mahali palepale, mashua ileile, saa sita katikati, na maabara itakurudishia majibu ya bahari mbili. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti huzidi, kwa sababu maji hupanda hadi ndani kabisa ya msitu na kusukutua tope lake. Wakati wa maji mafu, inapopanda na kushuka kidogo tu, sehemu kubwa ya msitu haifikiwi, na kijito hutoka na kidogo.

Halafu mvua. Kiangazi kirefu huacha majani, samadi na mboji vimelala juu ya ardhi, na mvua kubwa ya kwanza huvikomba vyote kwa mkupuo. Siku chache za mafuriko zaweza kupeleka baharini sehemu kubwa ya kaboni ya mto ya mwaka mzima. Mvua ya nne, hata iwe kubwa kama ya kwanza, hukuta ardhi imekwisha kuoshwa. Basi anayepima katikati ya kiangazi atasema pwani ni safi, anayepima siku mbili baada ya mvua ya kwanza atasema pwani imeoza, na mto wenyewe ni uleule, unafanya kazi yake ya siku zote.

Wala mata hiyo haibaki ilivyofika. Ikikutana na chumvi, sehemu ya asidi za humiki, zile zitokazo kwenye mboji, hugandamana pamoja na chuma na kuzama. Jua nalo huingia kazini: miale ya urujuanimno huvunjavunja lignini, ile inayoupa mti ugumu wake, kiasi kikageuka kaboni dioksidi na kiasi kikawa vipande vidogo ambavyo bakteria huviweza. Joto likipanda, bakteria hula upesi zaidi na kutumia oksijeni zaidi, na hapohapo maji ya moto hubeba oksijeni pungufu. Kwa hiyo kiasi kilekile cha mata ogania chaweza kupita salama msimu mmoja na kuua samaki msimu mwingine. Utatoaje hukumu bila kuandika hata joto la maji?

Kilichoniuma zaidi, lakini, ni pendekezo la tatu la ripoti: vijito vya mikoko "visafishwe" majani na matope ili namba ishuke. Nililisoma mara tatu.

Majani yale ni chakula. Hupitia kwa kaa, bakteria na kamba wachanga, na yanayoyeyuka hutoka na maji hadi nje ya mwamba wa matumbawe. Mikoko imefunika kama sehemu moja tu kwa elfu ya nchi kavu ya dunia, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliipa karibu asilimia 10 ya kaboni ogania iliyoyeyuka inayotoka nchi kavu kwenda baharini. Huwezi kuifagia kama uwanja. Na tope linalotakiwa kuondolewa ndilo ghala: sehemu kubwa mno ya kaboni ogania inayozikwa chini ya bahari zote huzikwa kwenye mashapo ya deltani na kwenye maji ya kina kifupi karibu na pwani, si katika vilindi.

Wapo waliojifunza hili kwa hasara. Katika ghuba ya Kesennuma, Japani, wafugaji wa chaza waliwahi kukuta chaza wao wamekuwa wekundu kwa planktoni, viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, ya aina inayogeuza maji kuwa mekundu, hawauziki. Mmoja wao, Hatakeyama Shigeatsu, alikuwa ametembelea mlango wa mto Loire, Ufaransa, akaona chaza wenye afya chini ya mto wenye misitu. Mwaka 1989 yeye na wenzake walipanda mlima na kuanza kuotesha miti kwenye chanzo cha mto unaoingia ghubani mwao. Watu wa bahari, mikononi miche! Hoja yao ilikuwa kwamba mboji ya msitu hushika chuma na kukifikisha baharini kikiwa bado kimeyeyuka, pale planktoni inapokihitaji. Nikiwafikiria, halafu nikafikiria reki kwenye vijito vya mikoko, hasira hunirudia upya.

Misri ilionja upande wa pili. Bwawa Kuu la Aswan lilipozuia mafuriko ya Nile, samaki wa sadini waliokuwa wakivuliwa mbele ya delta walishuka kutoka tani zipatazo 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya 1,000 mwaka 1968. Maji yalikuwa meupe zaidi, na matupu. Miaka mingi baadaye uvuvi ulifufuka, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mbolea za mashambani na majitaka ya miji vilishika nafasi ya mafuriko. Sisemi hilo ni jambo la kutamani.

Kwa maana nakubali, kwa shingo upande, kwamba woga wa ile ripoti una chanzo. Mwaka 2017, katika Ghuba ya Mexico, nitrojeni na fosforasi zilizoletwa na mto Mississippi zilikuza mwani, mwani ukafa na kuozea chini, na eneo la kilomita za mraba 22,720 likabaki na oksijeni isiyotosha samaki. Majitaka ni majitaka. Lakini ndiyo sababu zaidi ya kuuliza mata imetoka wapi! Pima kaboni pamoja na nitrojeni, utapata fununu: planktoni huwa na atomi za kaboni kama 7 kwa kila atomi moja ya nitrojeni, mabaki ya miti hupita 20. Hilo halihitaji maajabu. Satelaiti hazitatuondolea kazi hiyo, kwani karibu na pwani rangi ya mata ogania huchanganyika na ya klorofili, ile rangi ya kijani ya mwani. Na najua kupima kila wiki ni gharama. Kuandika saa, chumvi na joto pembeni ya chupa si gharama.

Nimewaandikia barua. Nimeomba pendekezo la tatu lisimamishwe hadi wapime msimu wa kiangazi na wa mvua, bamvua na maji mafu, kaboni na nitrojeni. Sijajibiwa.

Mwezi utapevuka Alhamisi, na bamvua yenyewe itashika siku moja au mbili baadaye. Nimekwisha kuosha chupa 13. Nitatia nanga mbele ya kijito kilekile, nichote moja kila saa, kuanzia maji yakianza kupwa mpaka yatakapojaa tena, na pembeni ya kila moja nitaandika saa, chumvi na joto.