Kama hujawahi kucheza RPG ya Kijapani, anza na ile ndogo

Waulize wapenzi wa gemu za zamani uanze na RPG ipi ya Kijapani (gemu ya safari ndefu ambamo mhusika wako anakua nguvu polepole), watakutajia Chrono Trigger ya 1995 au Final Fantasy VI ya 1994. Zote mbili ni kazi kubwa, sibishi. Lakini kumpa mgeni Final Fantasy VI, yenye wahusika kumi na wanne wa kuwapangia silaha na uchawi, ni kumtupa kilindini. Mimi namwambia aanze na Dragon Quest ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1986 kwa ajili ya Famicom, konsoli ya Nintendo. Kaseti yake ilikuwa na kilobaiti 64 tu. Picha moja uliyotumiwa leo WhatsApp huenda inaizidi.

Humo uko peke yako, na kila pambano ni wewe na adui mmoja. Mtunzi wake, Yuji Horii, alikuwa amependa Ultima na Wizardry, gemu za kompyuta za Kimarekani zilizokuwa ngumu kweli kweli, akataka mtu asiye na kompyuta naye azionje. Kwa hiyo anakufundisha bila kukuhutubia. Unaanzia chumba cha mfalme, mlango umefungwa, ufunguo uko kwenye sanduku palepale. Ukishatoka humo, umeshajua kuzungumza na mtu, kufungua sanduku na kushuka ngazi.

Masanduku hayo yana pia sarafu 120, na hapo ndipo gemu iliponinasa. Katika toleo la Marekani la 1989, lililopewa jina la Dragon Warrior, duka la mji wa jirani linauza rungu kwa sarafu 60 na vazi la ngozi kwa 70. Jumla 130. Umepungukiwa kumi! Basi unasimama mbele ya muuza duka ukipiga hesabu: nipige kwa nguvu au nivumilie kipigo? Au ninunue rungu na nguo hafifu ya 20, chenji niweke kwa majani ya dawa? Gemu nyingi za leo zinakumwagia silaha mpaka huoni thamani ya hata moja.

Nje ya mji unakutana na Slime, tone la buluu linalotabasamu, lililochorwa na marehemu Akira Toriyama, yuleyule wa katuni za Dragon Ball. Ua Slime saba na umepanda levo (daraja la nguvu) ya pili. Ukifa, mfalme anakufufua, levo na vifaa vyako vinabaki, ila nusu ya pesa imekwenda. Adhabu ya haki kabisa, kwa maoni yangu. Inakufanya uamue mapema kurudi gesti kulala.

Ngome ya adui, Dragonlord, inaonekana ng'ambo ya maji tangu unapotoka kwenye kasri la mfalme. Tatizo ni kufika, na kwenye ramani hakuna alama ya kukuelekeza. Njia iko midomoni mwa watu wa mijini, kipande huku, kipande kule. Mmoja anakwambia uhesabu hatua 70 kusini na 40 mashariki ya kasri. Yaandike kwenye karatasi, utayahitaji. Ukifungua maelekezo ya YouTube hapo, umejinyima sehemu tamu kuliko zote. (Kiingereza chenyewe kimejaa "thou" na "thy" kama Biblia ya zamani, lakini sentensi ni fupi, hutapotea.)

Sasa ubaya wake. Baada ya levo ya kumi na kitu, kupanda kunachosha. Unazunguka kilima kilekile ukipiga mazimwi yaleyale jioni nzima, na anayesema hiyo ni sehemu ya raha, mwache na raha yake. Toleo la 1993 la Super Famicom, konsoli iliyoifuata Famicom, lilipunguza adha hiyo kwa kuongeza pointi na sarafu za kila ushindi. La simu nalo si la kuchosha kama lile la zamani, na ndilo ningempa mtu asiye na konsoli.

Ukimaliza, usikimbilie Dragon Quest II katika sura yake ya 1987. Ina wahusika watatu na bahari nzima ya kusafiri, lakini pango la kuelekea Rhone, nyanda za juu karibu na mwisho wa gemu, limejaa mashimo yasiyoonekana, na huko juu theluji inakusubiri na maadui wanaoua kundi zima kwa tamko moja. Ruka hadi ya tatu.