Nilivyoanzisha Muheme kwa Kamera

Kabla hujafungua ile klipu inayozunguka WhatsApp, ile yenye maneno "mpiga picha apandisha mashetani", nisikilize kwanza mimi mwenye kamera. Sikupandisha chochote. Na kamera haikudunda mara mbili kama anavyosimulia huyo msaidizi wangu, ambaye alikuwa na mikono miwili mizima akachagua kurekodi badala ya kudaka. Ilidunda mara moja. Mdundo wa pili ni wa bibi mwenye ngoma yake, na kwa bibi tutafika.

Mnaonifuata siku zote mnajua nilivyokuwa nikiizunguka hii habari ya gripu, kile kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya kamera na kubeba betri. Natumia Canon 80D. Gripu yake ni BG-E14, ileile inayoingia kwenye ndugu zake 70D na 90D. Inabeba betri mbili za LP-E6N, au ukibadilisha trei ya betri inakula betri 6 za AA, zile za tochi, ambazo unazipata hata duka la mangi usiku. Canon wanasema 80D inapiga picha 960 kwa chaji moja ukichungulia kwenye kitundu, na 300 hivi ukipiga kwa kutazama skrini. Zidisha mara mbili. Harusi ya Dodoma bibi harusi anaanza kupambwa asubuhi, mnakwenda kanisani, mnahamia Chinangali kupiga picha za bustani huku shela linapeperuka kuelekea Singida, kisha ukumbini mpaka MC mwenyewe aombe maji. Hesabu ilikubali.

Ila mtu asikudanganye kwamba gripu ni habari ya chaji. Betri ya akiba ina gramu 80, inakaa mfuko wa shati, na kuibadilisha hakumalizi hata pambio moja la kwaya. Ukitaka chaji tu, nunua betri mbili, chenji kula nyama choma. Kasi nayo haiongezeki: 80D inapiga picha 7 kwa sekunde ukiwa nayo na ukiwa huna. (Nikon D850 inapanda kutoka 7 hadi 9 ukiifunga gripu yake na kuweka ile betri kubwa. Wenye Nikon tumewasikia, kaeni.) Gripu ni habari ya mkono. Bibi harusi amesimama wima, kamera imeumbwa kulala. Ukiigeuza bila gripu, kiwiko cha kulia kinapaa juu ya kichwa, na ikifika zamu ya zawadi za ukoo wa tatu bega linakudai. Ukiwa nayo unapata kibonyezo cha pili cha kupigia picha na gurudumu la pili la mipangilio upande wa chini, kiwiko kinabaki ubavuni, na kamera nzito inakaa vizuri kiganjani. Kwa sababu hiyo nikanunua.

Nikanunua ya kuiga. Bei ya ile halisi ilininyamazisha, na hii ya kuiga ilikuja kwa basi kutoka Kariakoo ikiwa na trei zote mbili na kitambaa cha kufutia ambacho sikukiomba. Ukiiwasha na betri zisizo za Canon, skrini inakuuliza kama betri hizo zina nembo ya Canon. Unajibu ndiyo, mbele ya Mungu na watu, kazi inaendelea.

Kuifunga si kazi ngumu. Zima kamera, toa betri. Fungua kimlango cha betri, vuta kile kipini cha bawaba, mlango wote unatoka. Uhifadhi! Gripu nyingi zina nafasi ya kuuchomeka kwenye ule mnara wake, kile kipande kinachosimama na kuingia ndani ya kamera. Mimi niliuweka kwenye droo nyumbani, kumbuka hilo. Ingiza mnara kwenye shimo la betri, kisha zungusha gurudumu la kukazia kwa dole gumba mpaka skrubu ishike tundu la stendi chini ya kamera. Mwisho washa swichi ndogo ya gripu yenyewe, la sivyo utabonyeza kile kibonyezo cha wima mpaka bwana harusi akuulize kama unadaiwa umeme.

Sasa rudi kwenye ile skrubu. Ni moja. Robo inchi. Imekazwa kwa dole gumba la mtu aliyekula wali.

Na mimi situmii mkanda wa shingoni. Natumia ule wa begani unaopita kifua, unaofungwa na skrubu chini ya kamera ili ining'inie kiunoni kichwa chini. Bila gripu, skrubu ya mkanda inang'ata chuma cha kamera moja kwa moja. Ukishafunga gripu, mkanda unaishika gripu, na gripu ndiyo inayoishika kamera kwa ile skrubu moja. Kamera, lenzi ya 24-70 f/2.8 yenye gramu 805, flashi na betri zake nne: karibu kilo 2 zinaning'inia pale. Kila hatua inazungusha mzigo kidogo huku na kidogo kule, na kila mzunguko unailegeza skrubu kwa unywele. Skrubu ikilegea, kinachobaki kuishikilia kamera ni mnara wa plastiki uliochomekwa kwenye shimo, na mnara hauna meno.

Dalili zilikuwepo. Tukiwa bado kanisani kamera ilizimika ikawaka yenyewe. Chinangali alama ya betri ikaanza kupepesa, na betri zote mbili nilikuwa nimezijaza usiku. Hizo ni ncha za umeme za mnara zinaachana na za kamera kwa sababu gripu imeshuka. Mimi nikalaumu vumbi. Dodoma mwezi wa nane ukilaumu vumbi hakuna wa kukubishia.

Haya, tufike ukumbini. Ukumbi hapa ni turubai, mtaa wa Kisasa. Ukoo wa bibi harusi ni Wagogo wa kweli, wameleta muheme, ngoma yao inayopigwa na wanawake. Mabibi wamekaa mstari wa mbele, ngoma zimebanwa mapajani, wanasubiri ishara. Ishara haijafika kwa sababu baba wa bibi harusi amesimama kutoa neno. Kimya. Mzee haongei sana, amefika pale pa "binti yangu, siku ulipozaliwa", sauti imekatika, anameza mate. Bibi harusi machozi yamejaa ila hayajashuka. Picha ya mwaka hiyo, jamani.

Nikachuchumaa nyuma ya mabibi, nikapiga wima katikati ya mabega mawili. Chozi likashuka, nikalipata. Nikasema ngoja nizunguke nimpate mzee usoni. Nikaiachia kamera iende kiunoni, nikainuka, nikanyanyua mguu kuvuka miguu ya bibi wa kwanza, nikinong'ona "shikamoo bibi, samahani bibi".

Mkanda ukawa mwepesi.

Wapiga picha mnaujua uzito wa mkanda wenu, hata usingizini. Nilijua kabla sijatazama. Nikatazama. Gripu ipo, inabembea kiunoni, mnara wake uko nje kama kidole kinachomnyooshea mtu, betri zangu mbili ndani yake, zimejaa. Kamera haipo. Kamera iko hewani, lenzi mbele, flashi nyuma, inageuka polepole kwa heshima zote. Mkono wangu wa kulia ukaenda kuidaka, ukadaka gripu. Mkono wa kushoto ukaenda, ukakutana na kilemba cha bibi wa kwanza. Mguu bado uko juu. Mzee amefungua mdomo kusema neno lililofuata.

NDU!

Katikati ya ngozi ya ngoma ya bibi wa pili. Kwa tako la kamera, lile lenye shimo la betri lililo wazi, ndiyo maana sauti ilitoka nene vile. Ngozi ikaitupa juu, ikatua kwenye khanga mapajani pake.

Bibi akaitazama kamera. Akanitazama mimi na mguu wangu mmoja. Halafu, na hapa ndipo msaidizi wangu anapopotosha historia, mkono wake ukajibu wenyewe. Ndu. Bibi wa tatu akasikia ndu mbili, kwake hiyo ni ishara tosha. Akaingia. Mstari mzima ukaingia. Vigelegele. Vijana wa nyuma walioletewa soda muda huohuo wakaziacha wakaja wakiruka. Baba wa bibi harusi bado ameshika kipaza sauti, neno lake limebaki kooni, na mama mmoja wa ukoo anamwendea akicheza. MC, ambaye nilimpigia picha za wasifu bure kabisa, akapaza sauti: "Mpiga picha ameomba ngoma, na apewe ngoma!"

Nikashusha mguu. Sikuwa na la kufanya, nikacheza. Ndicho mlichokiona kwenye klipu.

Yaliyofuata kwa haraka. Lenzi nzima, kamera nzima, mnara umepasuka. Nikachomeka betri moja ndani ya kamera: inakaa, kuna kibanio kidogo kinaishika. Ila kamera haiwaki, kwa sababu ndani ya ule mdomo wa shimo la betri kuna kiswichi kinachobonyezwa na kimlango kikifungwa, na kimlango mnakijua kiko droo gani. Kijiti cha meno kutoka meza ya maharusi, kimekatwa, kimebana kiswichi, utepe wa gundi juu, imewaka. Nikapiga keki, ndafu, zawadi mpaka mwisho. Mzee alimalizia neno lake baada ya ngoma, akicheka, na zile picha za kucheka wamezipenda kuliko chozi. Nilipomfuata bibi wa pili kuomba radhi aliniambia, "Mjukuu wangu, umepiga vizuri, lakini umechelewa kurudia."

Wanaoniuliza kama wanunue: mpiga picha wa wima siku nzima, nunua. Mwenye kiganja kidogo na lenzi nyepesi, acha. Ukinunua, mkanda ufunge kwenye pete za kamera yenyewe zile za juu, au kwenye kola ya lenzi, ile pete ya kuifungia lenzi ndefu kwenye stendi, kama una lenzi ya 70-200. Ukilazimika kuufunga chini, weka kamba fupi ya akiba kutoka kwenye mkanda hadi kwenye pete ya kamera. Kila ukikaa chini pitisha dole gumba kwenye gurudumu la kukazia. Alama ya betri ikipepesa, shika gripu uitikise kabla hujautukana upepo.

Gripu yangu ipo Area C hapa Dodoma, gurudumu zima, trei mbili, mnara wa kuunga. Bei maelewano. Msaidizi wangu kwake haina punguzo.