"Nitarudi nikistaafu"

Ijumaa iliyopita tulimuaga mwenzetu hapa kwenye maabara ya hospitali, Antwerpen, Ubelgiji. Mtaalamu wa bakteria, miaka 65; keki, maua, makofi. Akieleza waridi atakazopanda, nikakumbuka maneno tunayoambiana Wakongo kila tukikutana huku: "Nitarudi nikistaafu." Nimeyasema mimi pia, na sasa nina miaka 44. Naona tunakosea.

Mtazameni Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi, Mkongo mwenzetu. Alisomea udaktari Kinshasa, kisha uzamivu Leuven, si mbali na hapa nilipo. Angeweza kubaki. Alirudi angali kijana, akakuta hakuna maabara ya maana wala panya wa majaribio, basi akaamua kuwafuata wagonjwa waliko.

Ndiyo maana mwaka 1976 alikuwa Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa Kongo, ulikozuka ugonjwa usiojulikana. Mimi hapa glavu zimepangwa ukutani kwa saizi, nabadilisha mara nipendavyo. Yeye alitoa damu kwa mikono mitupu. Akichomoa sindano tundu halifungi, damu inamtiririkia vidoleni. Watu walidhani ni homa ya matumbo. Tundu lile likamtia shaka. Akanawa kwa maji na sabuni. Kisha akamshawishi mtawa mmoja mgonjwa, Mbelgiji, waende wote Kinshasa. Damu ikaletwa Antwerpen, mji huuhuu, ndani ya chupa ya chai, kichupa kimoja kikiwa kimevunjika. Kwa miaka mingi sifa za kugundua Ebola zikaenda kwa walioipokea chupa ile. Inaniuma mpaka leo.

Najua mishahara ya kwetu, na ada za watoto nazijua. Simlaumu aliyebaki. Ila ugonjwa haungoji mtu amalize pensheni ya Ulaya.

Mwaka 2019 Ebola ilikuwa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, kwetu kabisa. Kila usiku nilikuwa nampigia dada simu, na asipopokea sipati usingizi. Serikali ikamkabidhi mapambano yale Profesa, naye akiwa na miaka 77. Moja ya dawa zilizowaponya watu, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya mji wa Kikwit, Kongo, ya mwaka 1995, na ilijaribiwa hapohapo kwetu, kwa mikono ya madaktari na wauguzi wa Kongo.

Mwaka huohuo wa 2019 Profesa akapitisha uamuzi: sampuli za damu za mlipuko wa Beni na Butembo zinabaki Kongo. Anayetaka kuzichunguza, aje Kinshasa.